Ukuta wa Madodoki

Siku Mkunga alipostaafu, walimpa saa ya ukutani, jozi ya shuka na hotuba tatu za kumwambia akapumzike. Saa aliitundika, shuka alizitandika, hotuba aliziacha palepale wodini wazisikilize wenye nafasi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepokea watoto wa watu, umeme ukiwepo na usipokuwepo, na kama kulikuwa na kazi moja asiyoijua duniani, ilikuwa ni hiyo ya kupumzika.

Binti yake, aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa mji kwenye nyumba yenye makochi ya kuzama, alimtengenezea chumba. Akaja mwenyewe kumchukua.

"Mama, njoo ukae tu kwangu. Umechoka."

"Nikae tu kama nini? Kama kabati?"

"Nani kasema kabati? Ukae, ule, ulale, uangalie televisheni."

"Kabati lina kazi kunishinda, basi. Kabati linatunza nguo."

Binti alirudi kwake peke yake, na kile chumba akaweka pasi na mabegi. Mkunga akabaki alipokuwa akiishi tangu mumewe alipofariki: chumba na jiko katika nyumba za kupanga, safu mbili zinazotazamana, kaya kumi na moja, ua wa udongo katikati na bomba moja lisilokoma kudondosha. Mwisho wa ua ulisimama ukuta mrefu wa matofali ambao haukuwahi kuonja rangi, na chini yake palikuwa na jalala. Magodoro yaliyooza, chupa, sufuria zisizo na matako, na viatu vya mguu mmoja mmoja, ambavyo hadi leo hakuna aliyeeleza mguu wa pili huwa unakwenda wapi.

Wiki ya kwanza ya kustaafu aliamka alfajiri kama kawaida yake, akavaa, akakaa kitandani akiwa na viatu mguuni. Hakuna aliyegonga mlango. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu aliazima jembe la jirani, ambalo jirani mwenyewe mpaka sasa analiulizia, akalivamia jalala.

Watu walimwangalia kutoka vibarazani mwao. Mmoja akathubutu kuuliza, "Mama, unatafuta nini huko?"

"Natafuta aibu yenu. Nimeshaiona, sasa naiondoa."

Basi akaiondoa. Siku ishirini na moja, mtu mmoja, toroli moja lenye gurudumu la kuyumba. Ardhi iliyobaki chini ilikuwa ngumu na imejaa vigae, ya kumkatisha tamaa mkulima yeyote, lakini Mkunga hakuwa mkulima na hakujua kwamba alitakiwa kukata tamaa. Aliweka ndoo mlangoni pa kila kaya akaamuru maganda yote yaingie humo: ya ndizi, ya viazi, ya mayai, na majani ya chai. Aliyetia mfuko wa plastiki aliukuta asubuhi juu ya ndala zake. Haikuchukua muda, watu wakajifunza. Maganda yalilundikwa, yakafunikwa kwa majani makavu, yakageuzwa na kugeuzwa hadi yakawa mboji nyeusi ya kupukutika mkononi.

Halafu kulikuwa na pipa. Hilo pipa ndilo lililoleta maneno. Mkunga alikuwa akichukua samadi kwa muuza kuku wa sokoni, anaitia ndani ya pipa la bluu pamoja na majani mabichi, anajaza maji, anafunika, anaacha wiki mbili. Kila Jumanne alifunua na kukoroga kwa mpini wa jembe, na Jumanne hizo wapangaji wote walikuwa wanakumbuka safari za ghafla za kwenda mjini. Kipimo chake kilikuwa kopo moja la pipa kwa makopo kumi ya maji safi, na alikifuata kwa nidhamu ileile aliyokuwa akipimia dawa za wagonjwa.

"Hiyo harufu, mama," walilalamika.

"Nyie nyote mlinuka zaidi ya hivyo mlipozaliwa, na hakuna aliyewamwaga."

Na mchicha ulipotoka, malalamiko yalipungua sauti. Ulikuwa mchicha wa kiburi, jani moja linajaza kiganja, na ukikatwa leo unachipua kesho kutwa. Kila jioni kaya moja ilipata fungu lake kwa zamu. Nyuma ya mchicha zikaja nyanya, bamia na pilipili. Mkunga alitembea katikati ya matuta yake akiwa amejishika kiuno, anafoka huku na huku kana kwamba yuko wodini. Alikuwa na raha isiyo kifani, ingawa ungemuuliza angekukatalia.

Mwaka wa pili akapanda midodoki. Alitaka ule ukuta ufunikwe. Mdodoki, kama hujawahi kuuona, ni mmea wa kutambaa wenye mikono midogo ya kushikilia. Tunda lake likiwa changa ni mboga, likikauka linakuwa dodoki la kuogea, na katikati ya hayo mawili hutoa maua ya njano makubwa, ya kumfanya mpita njia ageuze shingo. Alipanda mbegu sita chini ya ukuta. Ya saba ilimponyoka mkononi njiani, ikaangukia huko karibu na bomba, kwenye kokoto, naye hakujisumbua kuiokota.

Midodoki ilikuwa imefika magotini siku Funguo alipokuja na barua.

Funguo alikuwa msimamizi wa zile nyumba, mtoto wa mwisho wa mwenye nyumba, mtu mzima wa miaka thelathini ambaye shati lake halikuwahi kukunjika. Kiunoni alining'iniza funguo za milango yote kumi na moja, hivyo alisikika kabla hajaonekana. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vinyooke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hukohuko, umekanyaga pilipili."

Funguo akarudi hatua moja, akafunua karatasi, akasoma kwa sauti ili na vibaraza visikie. Barua ilisema kwamba, kutokana na malalamiko, uchafu wote uliopo mwisho wa ua utaondolewa, na eneo litamwagwa zege ili liwe maegesho ya pikipiki.

"Uchafu upi?" Mkunga aliuliza.

"Mama, tusifichane. Kunanuka."

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi kunanuka? Mimi niliyekupokea? Ulitanguliza matako, na mpaka leo hujageuka."

Vibaraza kumi na kimoja viliangua kicheko. Mwanamume aliyekuwa anapiga mswaki alipaliwa na dawa ya meno. Funguo akaikunja karatasi mara nne, taratibu, masikio yamemwiva, akaondoka bila kuaga. Kuna watu ukiwacheka wanacheka nawe. Huyu akienda kulala alikuwa anakunja na soksi.

Jumapili iliyofuata akarudi na mama yake.

Mwenye nyumba hakuwa amefika pale kwa miaka miwili kwa sababu ya magoti. Alikuwa mama mnene, mwenye fimbo, wa kusema neno moja wakati wengine wanasema kumi. Alitembezwa hadi mwisho wa ua, akatazama matuta, akatazama pipa, akavuta pumzi, akaacha kuvuta. Mwisho akaelekeza fimbo chini ya ukuta.

"Hiki nini?"

"Midodoki, dada. Itapanda ukuta wote. Itatoa maua."

"Lini?"

Hapo Mkunga angeweza kusema *tutaona*. Miaka thelathini na minne alikuwa amewaambia hivyo waume waliokuwa wakizungukazunguka nje ya mlango wa wodi. Lakini Funguo alikuwa amesimama pembeni anatabasamu na shati lake lililonyooka, na mdomo uliponza kichwa.

"Nipe wiki tisa. Ukija hutaona hata tofali moja. Utaona maua matupu."

"Ukuta mzima?"

"Mzima."

Mwenye nyumba alifikiri. "Sawa. Nikikuta maua, bustani itakaa. Nikikuta majani na harufu, mwanangu atamwaga zege lake, na wewe hutasema neno."

"Sitasema."

Nyuma yao, Fundi alifumba macho. Huyu alikuwa mshona nguo wa chumba cha tatu, mwanamke mwenye sindano mdomoni na ulimi mkali kuliko sindano, na rafiki pekee aliyeweza kumwambia Mkunga ukweli akabaki na meno yake. Wageni walipoondoka alimsogelea.

"Ukuta mzima, mwenzangu? Ungesema nusu ungekufa?"

"Ningekufa."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshapiga hesabu ya maisha yake bila matuta yale, na jibu lilikuwa kochi la kuzama, rimoti mkononi, na mikono yake hii miwili imelala mapajani kama mizigo iliyosahauliwa na wenyewe. Kwa hiyo aliamua kwamba maua yatatoka, yapende yasipende.

Akaanza kuilisha. Kopo moja kwa makopo kumi aliliona ni kipimo cha watu wasio na shida, akafanya moja kwa matano, na wiki iliyofuata moja kwa mawili. Mara moja kwa wiki ikawa kila siku asubuhi, na siku Funguo alipopita akichungulia, ikawa na jioni. Pipa la bluu lilipata mwenzake wa pili. Muuza kuku sokoni alimuuliza kama amefungua shamba.

Midodoki, kwa kweli, haikumwangusha. Ilipanda ukuta ikiwa na haraka ya mtu anayefukuzwa. Wiki ya nne ilikuwa imefika juu, wiki ya tano ikaangukia upande wa pili, na majani yake yalikuwa mapana ya kufunika sinia, kijani iliyokaribia weusi. Tofali halikuonekana hata moja. Mkunga alisimama mbele yake na kidevu juu.

"Nzuri," Fundi alisema, akiuma uzi. "Maua yako wapi?"

"Yanakuja."

Wiki ya sita Fundi akauliza tena, na safari hii hakuwa anauma uzi. Mkunga alikuwa ameshapekua jani kwa jani kwa miwani na bila miwani. Hakukuwa na ua, wala dalili ya ua. Kulikuwa na majani, na mikono ya kushikilia, na majani mengine. Mkutano wa majani.

Binti yake akaja Jumamosi, akaona, akafungua mkoba akatoa pakiti ya mbolea ya dukani yenye picha ya waridi.

"Mama, weka hii. Wamesema siku kumi tu, maua yanafumuka."

Mkunga aliigeuza pakiti, akasoma maandishi madogo ya nyuma kama alivyozoea kusoma ya dawa. "Wanasema uvae glavu, uvae barakoa, usile, usinywe, unawe mara tatu. Ushawahi kupika chakula cha mtoto ukiwa umevaa barakoa?"

"Basi utapoteza bustani kwa ubishi."

"Nitaipoteza mwenyewe. Sitaipotezewa na waridi la karatasi."

Binti alipoondoka, Mkunga aliweka ile pakiti chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza, na meza ikatulia, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba haikufaa kitu. Lakini jioni ile hakula. Alikaa mlangoni, kopo mkononi, anautazama ukuta uliomkubalia kila kitu isipokuwa hicho kimoja alichoomba. Aliogopa, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuogopa, alidhani ni hasira.

Siku ya pili yake, Fundi alikwenda bombani kuchota maji, akarudi na ndoo tupu.

"Njoo uone kitu."

"Nina kazi."

"Njoo, nimekwambia."

Karibu na bomba, kwenye kokoto, pale mbegu ya saba ilipoponyoka, mdodoki mwembamba ulikuwa umejishikilia kwenye fimbo ya fagio iliyovunjika. Haukufika hata kiunoni. Majani yake yalikuwa manne matano ya kuhesabika, rangi ya mgonjwa. Na juu kabisa, ulikuwa na ua. Ua moja la njano, limefunuka lote, nyuki yumo ndani anajishughulisha.

Mkunga aliuchukia ule mmea papo hapo. Alichuchumaa, akaushika shina, akaugeuza huku na huku kama anayemtafuta mwizi.

"Huu umekula nini?"

"Haujala kitu. Maji ya bomba yanayodondoka."

"Samadi?"

"Nani angeileta huku? Wewe ulikuwa hata hujui kama upo." Fundi alikaa juu ya ndoo yake. "Hebu nikumbushe. Mimba yangu ya mwisho, nilipokuja kwako siku zimepita, nalia, nataka unipe kitu cha kuleta uchungu. Uliniambia nini?"

"Nilikwambia urudi nyumbani ukafue."

"Nikafua."

"Ukazaa."

"Nikazaa. Mganga hajigangi, mwenzangu."

Mkunga alirudi mwisho wa ua akasimama mbele ya mchicha wake kwa muda mrefu. Sasa alikuwa anaiona, na ilimuuma kwa kuwa ilikuwa kitu kidogo sana. Yeye alikuwa amefunzwa kazi na mchicha. Mchicha ukiulisha unatoa majani, ukizidisha unatoa zaidi, na kwa kuwa majani ndiyo unayotaka, hauwezi hata siku moja kukuonyesha kwamba umekosea. Lakini mmea unaolishwa kila asubuhi na jioni una haja gani ya kutoa ua? Ua ni mtoto, na anayehangaika kuacha mtoto ni yule aliyeona dunia si ya kuaminika. Ile sita aliyoishibisha ilikuwa haijaona sababu.

Alibeba jiwe akaliweka juu ya kifuniko cha pipa la kwanza, na lingine juu ya la pili. Kwa siku mbili akamwagilia maji matupu, mengi, ili yazamishe chumvi za samadi mbali na mizizi. Akakata ncha za midodoki yote sita, ili iache kukimbia. Akatia majivu ya jikoni na maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa, kidogo tu, akafukia. Na baada ya hapo akafanya kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu.

Mikono ilimwasha. Alipita mbele ya ukuta mara ishirini kwa siku akiwa ameifunga mgongoni, kiganja ndani ya kiganja. Majani ya chini yakaanza kupauka, mengine yakageuka manjano na kudondoka. Wapangaji wakanong'ona. Funguo, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa amepoteza tabasamu lake, alilipata tena.

"Mama, naona mambo yanakauka."

"Hayakauki. Yanafikiri."

"Mimi nimeshaagiza mchanga. Si unajua magari yanavyosumbua dakika za mwisho."

"Agiza, mwanangu. Mchanga hauozi."

Alilisema hilo kwa sauti ya juu kabisa, kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani na viatu mguuni.

Wiki ya tisa ikatimia. Saa mbili asubuhi lori likarudi nyuma hadi katikati ya ua na kumwaga mchanga, tani nzima, mlima wa kijivu uliofunga njia ya kwenda bombani. Dereva akapewa mkono na Funguo, akaondoka zake. Saa tatu akafika mwenye nyumba na fimbo yake, na vibaraza vyote kumi na kimoja vikawa na watu waliokuwa na kazi za ghafla za kufanya vibarazani.

Kulikuwa na maua saba.

Funguo aliyahesabu kwa kidole, mara mbili, taratibu, hata asiyejua hesabu angeweza kumfuata. "Saba, mama. Ukuta mzima, alisema. Saba."

Yalikuwa yamekaa mbalimbali, mawili juu, manne katikati, moja limejificha kwenye kona. Mazuri, lakini saba. Katikati yake matofali yalionekana pale majani yalipodondoka. Mwenye nyumba alimgeukia Mkunga, na watu wote wakajiweka sawa kusubiri mvua ya maneno.

"Nimekosea," Mkunga alisema.

Fundi aliitoa sindano mdomoni. Katika miaka yote aliyomjua, neno lile hakuwahi kulisikia likitoka pale.

"Niliilisha kupita kiasi," Mkunga aliendelea, na kila neno alilitoa kana kwamba linauzwa. "Mimi nimezoea mchicha. Mchicha ukiulisha unashukuru. Hii nikailisha vivyo hivyo, asubuhi na jioni, kwa sababu nilitaka maua kwa hasira. Ikanipa majani. Nilipogundua zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushei. Nilisema sitasema neno, na hapo sasa nimenyamaza. Ila kabla mwanao hajamwaga zege, nakuomba ulete mkono hapa."

Alimshika mwenye nyumba mkono, akauingiza chini ya majani. Mwenye nyumba alipapasa shina kwa vidole, polepole. Kulikuwa na vitumba. Vidogo, vigumu, vimefumba, kimoja pembeni ya kingine, kila kikonyo kimebeba chake. Mkunga aliusogeza ule mkono kwenye shina la pili, kisha la tatu, na kote vilikuwa vimejaa. Huwezi kuviona ukiwa umesimama mbali na shati lako lililonyooka. Ni lazima uguse.

Mwenye nyumba hakuutoa mkono.

"Lini?" aliuliza.

"Siku zake zikifika."

"Mimi nakuuliza lini."

"Ndivyo ulivyoniuliza wodini, siku ya huyu mwanao, na ndivyo nilivyokujibu."

Funguo alimtazama mama yake, akamtazama Mkunga, akashika funguo zake zisilie.

"Nilikutukana siku ile," mwenye nyumba alisema.

"Sana. Mengine sijayasikia tena mpaka leo, na nimefanya kazi wodi ya uzazi miaka thelathini na minne."

"Mtoto kaning'inia nusu, wenzako wanapiga kelele, vuta, vuta. Na wewe umesimama hapo mbele yangu, umefunga mikono mgongoni. Nikasema huyu mwanamke ni mchawi, anataka mwanangu afe."

"Ukimvuta aliyetanguliza matako, kichwa kinakwama," Mkunga alisema. "Anatoka mwenyewe. Kazi yako ni kuwepo." Akautazama ukuta. "Nilikuwa naijua hiyo kazi. Kwa huu ukuta niliisahau."

Mwenye nyumba aliutoa mkono wake kwenye majani, akaupangusa kwenye gauni. Alimtazama mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini, kuanzia viatu hadi kola, kana kwamba anakagua kama ametoka wote.

"Zege lisubiri," alisema.

"Mama, mchanga umeshamwagwa. Lisubiri mpaka lini?"

"Siku zake zikifika."

Akaondoka na fimbo yake, tok, tok, akazunguka ule mlima wa mchanga bila kuutazama.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, yule mwanamume wa mswaki alifungua mlango wake, akasimama na povu mdomoni, akasahau kutema. Ukuta ulikuwa wa njano. Kuanzia kona hadi kona, kuanzia chini hadi juu na kumwagikia upande wa pili, na nyuki wengi hata walisikika hadi bombani. Watu walitoka mmoja mmoja wakasimama. Funguo naye alifika, akaangalia kwa muda, kisha akatoa simu akapiga picha, akidhani hakuna anayemwona. Baadaye mwezi huo, tangazo la chumba cha tisa lilitoka na picha ile, na chini yake maneno *mazingira ya kuvutia*. Mkunga alilisoma, akacheka hadi akakaa chini.

Mkunga hakuwa ameligusa tena pipa kwa ajili ya ukuta; la mchicha lilirudi kwenye kipimo chake cha moja kwa kumi. Ule mdodoki wa kwenye kokoto, aliouchukia, alikuwa ameufungia kijiti kizuri, wala hakuwahi kuupa hata tone.

Ukabaki mchanga. Lori lilishaondoka, na hakukuwa na mtu wa kuja kuuzoa. Funguo alipita kila siku akiuzunguka, hadi Jumatatu moja alipousikia mlio wa toroli lenye gurudumu la kuyumba, akatoka mbio.

"Mama, huo mchanga ni wa zege."

"Zege linasubiri, si umesikia?" Mkunga alisema, akipindua toroli juu ya tuta jipya alilokwisha kulipima kwa kamba, mahali hasa palipokuwa pamepangiwa maegesho ya pikipiki. "Karoti haipendi udongo mgumu. Inataka mchanga. Hebu sogea, mwanangu, au shika upande huo wa pili."

Funguo akakunja mikono ya shati lake, kunja moja, kunja mbili, sawasawa pande zote, akashika.